Wabunge watuambie: nani anawasemesha kabla ya kura?

Kifungu cha 99 cha Katiba yetu kinalazimisha Rais wa Jamhuri na mawaziri kutangaza mali ya familia zao mbele ya Mahakama ya Katiba, wanapoingia kazini na wanapotoka. Wabunge hawatajwi humo. Na ni wabunge hao wanaopiga kura juu ya sheria za madini, za petroli, za misitu na za mbuga zetu. Kifungu hicho hakiwaombi waseme wana nini wala wamekipata kwa nani. Hapo ndipo ulinzi wa mazingira unapoanza kuvuja katika inchi yetu.

Tuchukue mfano wa Virunga. Mbuga hiyo iliundwa mwaka wa 1925, na tangu 1979 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hata hivyo, SOCO, kampuni ya Uingereza, ilipewa haki ya kutafuta petroli katika bloki ya V, inayogusa Ziwa Edouard. Mwaka wa 2014 ilifanya uchunguzi ndani ya ziwa, kisha mwezi wa sita, chini ya shinikizo kubwa, ikakubaliana na WWF kusimamisha kazi. Mwaka uliofuata, shirika la Global Witness lilitangaza nakala za sheki za maelfu ya dola zilizolipwa kwa ofisa mmoja wa jeshi. Kampuni ilijitetea ikisema ilichangia gharama za askari waliolinda wafanyakazi wake.

Sheki zile zilileta kelele, na ilikuwa haki. Lakini angalia kilichotokea upande wa sheria. Mwezi wa pili 2014, inchi ilipata sheria mpya ya kulinda viumbe, inayokataza ndani ya mbuga kazi zisizopatana na ulinzi. Mwezi wa nane 2015 ikaja sheria ya petroli na gesi. Nayo inakataza kuchimba ndani ya mbuga, lakini inaacha mlango: serikali inaweza kuondoa ulinzi wa eneo kwa dekri, ikisema ni kwa faida ya umma. Nani aliomba mlango huo? Tume ya bunge ilisikiliza nani? Mvuvi wa Vitshumbi, wa Kyavinyonge au wa Nyakakoma hana njia rahisi ya kujua, na samaki ndio chakula chake na karo ya watoto wake.

Mlango ukiachwa wazi, mtu ataupitia siku moja. Mwezi wa saba 2022, serikali ilitangaza mnada wa bloki 27 za petroli na 3 za gesi, na baadhi ya bloki za petroli ziligusa Virunga. Mwezi wa kumi 2024, waziri alifuta mnada wa petroli, akitaja kasoro katika maombi na ukosefu wa ushindani. Ziwa na wavuvi wake hawakuwa sababu. Kwa hiyo hakuna kinachozuia mnada mwingine.

Wengine watasema: kampuni zina haki ya kusikilizwa, inchi inahitaji pesa na vijana wanahitaji kazi. Ni kweli. Hatuombi kampuni zifungwe mdomo. Tunaomba zisemee mahali ambapo sisi pia tunasikia. Mfano mzuri tunao. Mwaka wa 2018, wakati sheria mpya ya madini ilipongojea saini, wakubwa wa kampuni za madini walikuja Kinshasa kumuona Rais Kabila. Walitaka, pamoja na mengine, kubakiza kinga ya miaka 10 dhidi ya kodi mpya. Inchi nzima ilijua wamekuja na wanataka nini. Siku chache baadaye, tarehe 9 mwezi wa tatu, sheria ilitiwa saini. Kinga ikashuka hadi miaka 5, kodi ya shaba ikapanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na asilimia 15 ya kodi hiyo ikawekwa kwa ajili ya mitaa, sekta na shefferi zenye machimbo. Kampuni zilisikilizwa, lakini si kila walichoomba walikipata. Ni vigumu mbunge kumuuza jirani yake huku jirani anamtazama.

Wengine watasema: tuko katika vita, nani ana wakati wa kufikiria sheria za petroli? Tukumbuke kwamba mnada wa 2022 ulitangazwa wiki chache tu baada ya M23 kuteka Bunagana. Vita haikusimamisha biashara ya bloki. Ilisimamisha tu macho yetu.

Mambo matatu yanaweza kufanyika. Kwanza, wabunge wa taifa na wa majimbo watangaze mali zao kama mawaziri, pamoja na kazi yoyote wanayofanya kwa kampuni. Pili, kila tume ya bunge inayochunguza sheria ya mali ya asili itoe orodha ya watu na kampuni ilizosikiliza, kabla ya kura. Tatu, kuondoa ulinzi wa mbuga kusifanyike kwa dekri. Kupitie bungeni, kila mbunge apige kura kwa jina lake, baada ya wakaaji wa pale kusikilizwa nyumbani kwao.

Vikao vya kawaida vya bunge vinafungwa mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Ndipo waheshimiwa wanarudi kwetu kutoa ripoti, wakiwa na fulana na ahadi. Tuwapokee vizuri, tuwape kiti, halafu tuwaulize bila matusi: Mheshimiwa, kabla ya kupiga kura juu ya ardhi na maji yetu, ulizungumza na nani, na alikupa nini?