Kazi ni Kazi? Tuache Kudanganyana



Kuna neno linalotawala katika nyumba zetu kana kwamba ni amri ya Mungu: "Kazi ni kazi." Kijana aliyemaliza masomo tangu miaka minne anaitwa mahali fulani kwa ajili ya kazi. Anakwenda, anaongea na wakubwa wa pale, anarudi nyumbani kimya. Kisha anasema kwa sauti ya chini: "Kuna jambo pale ambalo roho yangu inalikataa." Kabla hajamaliza, mjomba anamkata kauli: "Maskini hachagui. Kazi ni kazi." Mazungumzo yanaishia hapo, na kesho yake kijana anakwenda kutia sahihi.

Nasema wazi: neno hilo ni uongo, na sisi wakubwa tumelirudia mno.

Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma, alitangazwa Mwenyeheri. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Alikataa fedha za watu waliotaka chakula kilichoharibika kiingie nchini, na kwa sababu hiyo aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tumefurahi, tumeimba, tumebeba picha yake. Lakini jioni ileile tukamwambia kijana wetu asiulize maswali mengi! Tunamheshimu aliyesema "hapana" akiwa ndani ya kazi, tena tunamnyamazisha anayetaka kusema "hapana" akiwa bado mlangoni. Je, tunadhani dhamiri iliyozoezwa kunyamaza mlangoni itapata sauti siku bahasha itakapowekwa mezani?

Tusidanganyike upande wa pili pia. Wako vijana ambao kila jambo geni linawatisha, nao wanauita woga wao sauti ya moyo. Mvuvi mzee wa Ziwa Kivu akisema kwamba upepo wa leo haumpendezi, tumsikilize: ameyatazama maji hayo kwa miaka mingi, na kila kosa lilimfundisha. Lakini anayepanda mtumbwi kwa mara ya kwanza hutetemeka hata ziwa likiwa tulivu. Ndugu kijana, katika mambo ya ofisi wewe ni huyo wa mara ya kwanza. Katika mambo ya watu, sivyo: tangu utoto umeishi kati ya wakweli na waongo, nawe unayajua macho ya mtu anayeficha neno.

Basi tutatenganishaje woga na onyo? Mtakatifu Ignasi wa Loyola alianza kujifunza jambo hilo akiwa kitandani, baada ya kujeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521. Aliona kwamba ndoto za sifa za kidunia zilimfurahisha saa ile, kisha zikamwacha mkavu. Mawazo ya kuishi kama watakatifu yalimwachia furaha iliyodumu. Hakutazama tu utamu wa saa ile, bali alama ambayo wazo liliacha nyuma yake.

Nasi tupime vivyo hivyo, kwa kuuliza maswali. Woga wa mgeni hupungua kadiri anavyojibiwa: ukielezwa kazi ni ipi, nani atakufundisha, mshahara ni kiasi gani, usingizi unarudi. Onyo la kweli hukua kadiri unavyojibiwa. Jana walisema dola mia tatu, leo wanasema mia mbili. Unaomba mkataba uusome nyumbani, unaambiwa "utauona baadaye", ingawa sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 inataka mkataba uandikwe. Unaombwa fedha kabla hujaajiriwa. Unaambiwa uache kadi yako ya mpiga kura mikononi mwao. Wewe dada, unaitwa kwa mazungumzo ya kazi usiku, hotelini. Hapo roho yako haioti ndoto. Inasoma yaliyo mbele yake. Iamini, ukatae.

Najua jibu la mjomba: "Na watoto watakula nini?" Swali hilo ni la haki, silidharau. Anayekataa kazi mbaya halipi peke yake. Mama yake na wadogo zake wanalipa pamoja naye. Ndiyo maana ni aibu kumwachia kijana mzigo huo wote. Jumuiya inayojua kuchanga kwa ajili ya msiba na harusi, ishindwe kuchanga unga na maharage ya mwezi mmoja kwa ajili ya aliyekataa kudanganywa? Na mjomba, badala ya kumkata kauli, angeweza kuvaa viatu, kumsindikiza kijana hadi pale na kuuliza maswali pamoja naye. Mbele ya mtu mzima, waongo hupungukiwa maneno.

Vijana, katika mkutano wenu ujao mpeni nafasi yule aliye na barua ya kazi mfukoni na usiku halali. Msimwambie mara moja akubali wala akatae. Mwulizeni: "Ni nini hasa kilichokushtua?" Akikitaja, mtaanza kuona kama ni woga wa kushindwa au ni onyo. Mkiona ni woga, mtieni moyo aende. Mkiona ni onyo, simameni naye: mchana mbele ya mjomba, na jioni mbele ya chungu kitupu.