Nasaba ya Virusi

Ebola ilipoingia Sierra Leone mwaka 2014, palikuwa na swali zito: je, kila mgonjwa huambukizwa na mnyama wa porini, au watu huambukizana wao kwa wao? Mjini Kenema, Daktari Sheik Humarr Khan na wenziwe walikusanya damu ya wagonjwa 78, na jenomu 99 zikasomwa Marekani, kila moja herufi zipatazo 19,000. Virusi vinapojinakili hukosea herufi, na makosa hayo hurithiwa mithili ya nasaba. Nasaba hiyo ilirejea kwenye chimbuko moja. Basi hatari ilikuwa katika kuuguza na kuosha maiti, jambo zito kwetu tuwaoshao wafu wetu kwa mikono. Daktari Khan alifariki kwa Ebola mwezi Julai. Utafiti ulichapishwa Agosti.