Sehemu ya Pili Ilihama Mtaa

Filamu ya ucheshi wa chumbani inapotoa sehemu ya pili, Nairobi hugawanyika mara moja. Kuna wanaolalamika kwamba uchafu umezidi, na kuna wanaolalamika kwamba ucheshi umepungua. Mimi ni msusi. Nina saluni mtaa wa Umoja, karibu na soko la Mutindwa, na televisheni yangu huwaka kuanzia asubuhi hadi nifunge. Mteja wa rasta nyembamba hukaa kitini kwa saa tano au sita. Hapo filamu tatu zinaisha na mdomo wake hauna kazi nyingine. Nimewasikia wanawake wakicheka, nimewasikia wakinyamaza ghafla, na naamini hao wanaolalamika, makundi yote mawili, wanatazama mahali pasipofaa.

Tuanze na Disconnect, kwa sababu ni yetu. Ya kwanza ilitoka mwaka 2018, ikiongozwa na Tosh Gitonga pamoja na Michael Jones. Brenda Wairimu, Catherine Kamau, Nick Mutuma na Pascal Tokodi wamo. Ni kisa cha marafiki wa Nairobi wanaosaka mapenzi, wanaoumizana na kusameheana, na kuambiana mambo ya kitandani bila kupepesa macho. Nyumba zao si za Umoja, hata kidogo. Lakini saluni yangu iliipokea. Walivyokuwa wakimsema mwanamume aliyewapotezea wakati ndivyo tunavyomsema hapa, kwa majina na kwa vipimo, na mwenye kuumia alikuwa na rafiki wa kumcheka kabla ya kumfuta machozi.

Disconnect: The Wedding Planner ikafika Netflix Januari 2023. Wakati huo wenye simu za Android humu nchini walikuwa na mpango wa Netflix wa bure, ulioanza Septemba 2021 na kukatwa Novemba 2023, hivyo hata msichana anayenisaidia kuosha nywele alikuwa amezoea kuniuliza kama nimeona kitu fulani. Hii tuliitazama pamoja. Sasa kuna jamaa ametapeliwa, anakimbizana na muda ili aandae harusi ya kifahari, mbali na nyumbani, ya mwekezaji ambaye hawezi kumkosa. Picha ni nzuri na mavazi ni mazuri. Katikati ya filamu mteja wangu mmoja aliomba chaja, mwingine akaanza habari za kodi ya nyumba, na nikajua imetuponyoka.

Haikutuponyoka kwa sababu ya matusi, wala kwa kukosa matusi. Ilituponyoka kwa sababu iliingia hotelini. Mzaha wa chumbani unaishi kwa kukosa siri. Katika ploti ya vyumba kumi, bomba moja na bafu moja, jirani anajua bwanako amerudi saa ngapi, amerudi na hali gani, na kama mlizungumza au hamkuzungumza. Asubuhi mnakutana kwenye kamba ya nguo, na macho yake tayari yanacheka. Aibu hiyo ina bei, kwa kuwa kesho utamwomba huyo huyo chumvi au akushikie mtoto. Ukimtoa mtu hapo ukampeleka kwenye chumba chenye kadi ya kufungulia mlango, anaweza kusema neno lolote chafu duniani na lisimgharimu chochote. Mwekezaji akikasirika, kinachopotea ni hela. Jirani akikucheka, unapoteza mahali pa kuishi.

Hili halikutupata sisi peke yetu. Coming to America ya 1988 mtaa huu unaijua karibu kwa moyo. Imechezwa kwenye vibanda vya video, kwenye basi za usiku na kwenye vinyozi vyote ninavyovijua. Eddie Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda aliyekwenda New York, akapanga chumba kibovu huko Queens na kuokota kazi ya kupiga deki ili apendwe bila taji. Chini ya nyumba kuna kinyozi, na wazee pale hawana cha kusitiri. Marekani waliiweka daraja la R, ambalo mtoto haruhusiwi bila mtu mzima. Mwendelezo wake, Coming 2 America, ulitoka Machi 2021 kupitia Amazon, ukiongozwa na Craig Brewer, na safari hii ukapewa PG-13. Wahakiki hawakuelewana juu yake. Wengi walisema unaishi kwa kumbukumbu za ule wa kwanza, na wapo waliofurahi tu kuwaona Murphy na Arsenio Hall pamoja tena.

Mimi nina shitaka zito zaidi. Filamu ile iliyosafishwa ndiyo iliyobeba mzaha mchafu kuliko yote. Akeem anagundua ana mwana Queens, na tunaonyeshwa mwana huyo alivyopatikana: mwanamke alimlevya usiku mmoja, akamlalia hali hajitambui. Hakuna nguo iliyovuliwa tukaona, hakuna neno la kuzibwa, kwa hiyo daraja likashuka. Saluni yangu ilinyamaza. Wanawake wanaokaa viti vile wanajua mtu kulevywa maana yake nini, na hakuna aliyeona tofauti kwa kuwa aliyelevywa alikuwa mwanamume. Kisha hadithi karibu yote ikahamia kwenye kasri, na wale wazee wa kinyozi, walio na uwezo wa kuikosoa, wakapewa dakika chache tu.

Ndiyo maana nina ugomvi na namna tunavyopima filamu hizi. Bodi ya Filamu nchini ina alama zake, kuanzia GE ya watu wote, PG, 16, hadi 18, na zinanisaidia. Mtoto akiingia na mamake, filamu ya 18 inatoka mara moja na katuni zinaingia. Sina neno hapo. Lakini bodi hiyo ilipopiga marufuku filamu ya The Wolf of Wall Street Januari 2014, mtaani iliendelea kuuzwa kwa shilingi 50, na mjadala wote ukawa ni wa idadi ya viungo vya mwili na matusi. Sikusikia aliyeuliza ni nani anayechekwa, na kama ana nafasi ya kujibu.

Wazee wetu waliuliza. Pwani na Zanzibar, somo na kungwi wamefundisha wasichana kwa nyimbo na miondoko ambayo bodi yoyote ingeikimbia. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, alikuwa mwalimu na mpigaji ngoma wa unyago, yale mafunzo ya wasichana, na dunia nzima ilimheshimu. Mlango ulifungwa, wanaume na watoto wakabaki nje, na kilichosemwa ndani kilikuwa kwa faida ya yule aliyekaa katikati. Lugha ilikuwa chafu kuliko ya Disconnect zote mbili, na hakuna aliyetoka ametwezwa.

Watoto wa Eastlands nao wana sheria yao katika mchongoano, mchezo wao wa kutaniana kwa maneno. Ukimchongoa mwenzako kuhusu nyumba yao, naye anakurudishia, raundi ya pili huwezi kuja na kile kile. Kundi litakuzomea hadi uondoke. Unatakiwa uangalie upya: viatu vyake leo, jinsi alivyosimama, kitu ambacho hakuna aliyekiona. Wanaotengeneza sehemu ya pili wangekaa kwenye ukuta wa Jericho au Kariobangi jioni moja na kuwasikiliza.

Nasema haya kwa sababu Tosh Gitonga anaweza. Ndiye aliyetuletea Nairobi Half Life mwaka 2012, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania Oscar ya lugha za kigeni. Mwas, mhusika wake mkuu, anaanza kama muuza filamu anayeziigiza mbele ya wateja, na anapotupwa seli ya polisi na kuamriwa kusafisha choo ambacho binadamu hawezi kukitazama, tulicheka huku tumeziba pua. Uchafu ule ulikuwa na kazi.

Basi ikija Disconnect ya tatu, naomba harusi ifanyike huku. Kamati ikutane sebuleni kwa mama mmoja Umoja, Jumapili saa tisa, daftari la michango mezani, na kila mtu ajue mweka hazina aliwahi kuwa nini na mpambe wa bwana harusi. Anayetapeliwa iwe kamati nzima. Tenti lifunge barabara, matatu zipige honi, landilodi adai kodi katikati ya keki. Na shangazi wawili wafunge mlango wa chumba cha bibi harusi, wamwambie yote, kamera ikiwa ndani. Waipe alama ya 18 wakitaka. Mimi na wateja wangu tutailipia.