Mlinzi wa Mwamba

Mvuvi wa pwani ya Miteja akimkuta kikande ndani ya dema hufurahi, maana ni kitoweo. Walakini samaki huyo ni mlinzi wa mwamba. Kwa meno yake magumu huwavunja na kuwala wale wanyama wa miiba wachomao nyayo. Vikande wakivuliwa mno, wanyama hao huongezeka na kukwangua matumbawe, hata mwamba ukamomonyoka na samaki wengine wakakosa makao. Huko Kenya, katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, ni marufuku kuvua. Vikande ni wengi, wanyama wa miiba ni wachache. Basi yafaa kikande arudishwe majini angali hai. Amwuaye mlinzi wa nyumba yake asimlaumu mwivi.