SAA ZA MAKTABA NI ZA NANI?



Nani kati yetu hajapita Banda Street akawaona wale simba wawili wa mawe mbele ya Maktaba ya McMillan? Ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1962 Baraza la Jiji liliichukua, na sasa ni mali ya watu wote. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, limeyatengeneza upya matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na humo watoto husomewa hadithi na watu wazima hukutana kuzungumza.

Haya ni mema. Lakini nauliza: mwenzetu wa Kawangware au Kangemi atahudhuria lini? Matawi yote mawili yako mashariki ya mji. Yeye huamka saa kumi alfajiri, hutoka kazini jua likichwa, na nauli yake ni ya kuhesabu. Mazungumzo ya saa nne asubuhi siku ya kazi, hata yakiwa bure, si yake. Zamani mlango ulifungwa kwa rangi. Tusikubali leo ufungwe kwa saa.

Basi kila tawi la chama liiandikie Kaunti barua, litake mambo mawili: mikutano ya jioni na ya Jumapili, na maktaba ya namna hiyo upande wa magharibi.

Nasi tukipewa, twende na watoto wetu. Viti vikikaa vitupu, wataambiana kwamba mfanyakazi hapendi kusoma, na hatutakuwa na jibu.