Mahari Yako na Matangazo ya Viwanja



Siku hizi mabiharusi wengi hawataki mahari yote iishie kwenye dhahabu na kabati. Wanataka kiwanja, na soko la kwanza wanaloingia ni simu: Facebook, Jiji, magrupu ya WhatsApp. Matangazo ni bure na bei zinaonekana bila ya kuzunguka juani na dalali. Sisi tunaliunga mkono jambo hili. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, Suratun Nisaa imelisema wazi. Lakini tangazo ni mnadi tu. Si ushahidi kwamba kiwanja kipo, wala kwamba anayekiuza ni chake.

Tuchukue mfano wa Sikonge, kilomita kama 70 kusini ya Tabora mjini. Tabora si ugenini kwetu watu wa visiwani. Wazee wetu walikwenda huko na misafara ya pembe na watumwa, mwendo wa miezi kama mitatu kwa miguu kutoka Bagamoyo. Leo picha ya shamba la Sikonge inatufikia Unguja kwa dakika moja, na bei ya ekari inatutia tamaa.

Hapo ndipo pa kutulia. Sehemu kubwa ya wilaya ya Sikonge ni misitu ya hifadhi. Shamba linalosifiwa kwa nyuki na asali linaweza kuwa ndani ya msitu wa serikali, na picha haionyeshi mpaka. Au ni ardhi ya kijiji. Hiyo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Bila ya ridhaa ya halmashauri hiyo, karatasi mliyoandikiana na muuzaji haikulindi.

Kwa hiyo, dada, soma matangazo mengi ya sehemu moja upate kuijua bei. Kiwanja kilicho chini mno kuliko vyenzake, uliza sababu kabla ya kufurahi. Rahisi ghali. Kama kimepimwa, omba namba ya kiwanja na kitalu, uzipeleke ofisi ya ardhi, uhakikishe jina lililo kwenye hati ndilo la muuzaji na hakuna deni la benki juu yake. Kama hakijapimwa, nenda kwa viongozi wa kijiji na majirani wa mipakani. Arubuni usiitume kwa simu kwa mtu usiyemjua.

Ulizia na mke wa muuzaji pia. Kama ni ardhi ya familia, sheria inataka mwenza naye aridhie. Tusijenge maisha yetu juu ya machozi ya mwanamke mwenzetu.

Huwezi kusafiri? Tuma mtu. Bibi Khadija (r.a.) hakwenda Sham mwenyewe. Alimtuma Mtume (s.a.w.) kabla ya utume, kwa kuwa alikuwa Al-Amin, na bado alimpeleka Maysara afuatane naye. Tuma kaka au mjomba muaminifu, na mwanasheria awe wa pili.

Yakithibiti yote, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Na jina liwe lako. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamme. Wapo wanaosema kuandika jina lako ni kumdharau mume. Hatukubaliani nao. Mume alishatoa mahari, na kilichonunuliwa kwa mahari ni cha mke. Ukitaka kumshirikisha, mshirikishe kwa hiari yako, si kwa haya.

Sisi mafundi cherehani hatukati kitambaa kwa kuona picha ya biharusi. Mpaka aje apimwe. Ardhi nayo ni hivyo hivyo.

Allah atujaalie rizki ya halali yenye baraka, na atuepushe na dhulma. Amin.