Prepa ya Kampala: mbele familia iuzishe parsele

Wandugu, matokeo ya EXETAT ikitoka tu, komisioneri wanaamuka. Mu WhatsApp wanatuma picha za majengo mazuri: mwaka moja ya "foundation" Kampala, kisha unaingia chuo kikuu bila shida. Mzazi anauzisha parsele, ao anaomba wenzake wa likelemba wamupe zamu yake mbele. Mtoto anapanda gari Kasindi ao Bunagana na dola zote za familia mu mfuko.

Sisi tuko na lisansi na hatuna kazi. Hatutamwambia mtu abaki juu eti hapa ni pazuri. Migomo tunaijua, walimu wasiolipwa tunawajua, na vita kila mtu anaiona. Lakini tunakataa vijana wauzishwe mwaka ambao haufungue mlango wowote.

Kwanza tuelewe hiyo prepa inatoka wapi. Kwetu, toka primeri mpaka diplome d'État, ni miaka 12. Uganda ni 13: saba ya primeri, ine ya sekondari, kisha mbili za A-level. Ile mwaka moja katikati, pamoja na Kiingereza, ndiyo wanajaza na masomo yenye wanaita HEC, cheti cha mwaka mmoja cha kuingilia chuo kikuu. Haina maana kwamba diplome yetu ni mubaya. Rwanda, kwa mfano, ni miaka 12 sawa na sisi. Kule kizuizi kikubwa ni lugha, juu tangu 2008 serikali yao ilichagua Kiingereza kwa masomo. Burundi Kifaransa kingali kinatumika ku chuo kikuu, na wengi wetu wanasahau hata kuuliza huko.

Sasa fitina iko wapi? Kuna kozi ya Kiingereza ya miezi sita, na kuna HEC. Komisioneri anaziita zote "foundation". Kozi ya Kiingereza inakufundisha Kiingereza, basi. Ukimaliza unapewa karatasi yenye kachet nzuri, unaipeleka ku chuo kikuu, wanakuuliza: HEC yako iko wapi? Hapo mwaka imeisha, na parsele nayo.

Kwa hiyo, usianze na shule. Anza na UNEB, ofisi ya mitihani ya Uganda: ndiyo inalinganisha diploma za sekondari za inchi zingine na zao. Peleka karatasi zako, ungojee jibu, kisha uulize chuo kikuu unachotaka kama na jibu lile unaingia moja kwa moja ao unapita kwanza ku HEC. Pengine komisioneri anakuuzisha mwaka ambao hauna lazima.

Kama HEC ni ya lazima, fungua ukurasa wa NCHE, baraza lao la elimu ya juu. Jina la shule halitoshi; tafuta jina la programu yenyewe na uangalie kama ruhusa yake ingali hai. Mwaka 2023 kulikuwa kelele nyingi kule juu ya programu ambazo ruhusa ilipita wakati, na hata vyuo vikubwa vilitajwa. Tena HEC iko na njia: mwenye anataka udaktari asiandikishwe ku njia ya sanaa juu nafasi ya sayansi imejaa.

Na swali la feza: Kongo iko mu EAC tangu 2022. Uliza kwa maandishi kama utalipa minerval ya watu wa EAC ao ya wageni. Jibu la mdomo usilihesabu.

Wenye kuota Ujerumani, kule prepa inaitwa Studienkolleg. Za serikali kwa kawaida hazilipishe masomo, ila unafika tayari na Kijerumani, na viza inaomba kwa kawaida euro 11.904 mu konti iliyofungwa. Tunasema tu ili mtu asidanganywe na neno "bure".

Lakini tusiweke mzigo wote ku mabega ya mtoto wa miaka 18. Kwa nini komisioneri anajua kuliko ambasade? Tunadai ambasade yetu Kampala itoe, kila mwaka mbele ya matokeo, orodha ya HEC zenye ruhusa, kwa Kifaransa na Kiswahili. Tunadai wizara ya ESU itangaze wazi masharti ya équivalence, mtu ajue mbele ya kuondoka kama akirudi na digrii yake itapokelewa Kinshasa. Na diplome zitoke! Watu wanazunguka miaka na atestasio ya muda, halafu wanashangaa ofisi za kigeni zikiwarudisha.

Wenye mulisoma HEC, mutuandikie: shule gani, mulilipa ngapi, chuo kikuu gani kiliwapokea. Tutakusanya majibu, tuyapeleke kwa mafinaliste mu mashule.